Fremu ya chuma ya Kitaliano ya kupimwa mwilini: imefika wakuu, njooni tuikague kiungo kwa kiungo

MsukumaWaVerona #1

Wakuu salaam. Mwaka jana kwenye uzi wa gia niliropoka kwamba nitatengenezewa fremu ya chuma, mkanicheka. Mmoja akasema nitarudi na baiskeli ya sokoni iliyopigwa rangi. Imefika. Picha sita ziko chini, ya saba imekataa kupanda.

Mapema kabisa: jina la fundi silitaji. Ni mzee mwenye karakana nyuma ya nyumba yake nje ya Verona, hana tovuti, hapendi wageni wa ghafla, kaniomba nimwache hivyo hivyo. Bei nayo siitaji, shemeji yenu anasoma humu.

Siku ya kwanza nilikwenda kichwa kimejaa rangi. Nilishachagua bluu, nilishachagua mpaka herufi. Mzee akaniambia vua viatu. Akanisimamisha ukutani, akanipandishia kitabu chenye jalada gumu katikati ya mapaja mpaka kikagota mfupa, akachora mstari. Akapima paja peke yake, muundi peke yake, mkono, kiwiliwili, upana wa mabega. Vyote kwa penseli kwenye daftari la shule. Kisha akaniambia nipande ile niliyokuja nayo, nizunguke uani. Nilizunguka mara mbili. Akasema, "Unaendesha baiskeli ya mtu mwingine."

Na kweli. Mimi ni miguu mirefu, kiwiliwili kifupi; shati la dukani likinienea mwilini, suruali yake inaishia juu ya kifundo. Fremu nyingi za Kitaliano za zamani ni za mraba: bomba la kiti sentimita 56, bomba la juu 56. Nilikuwa na hiyo, nimeifungia shingo fupi ya usukani ya sentimita 9, na bado nikifika kilomita 60 mabega yamepanda masikioni. Hii mpya ni 57 kwa bomba la kiti (katikati hadi katikati) na 54.5 kwa bomba la juu, na pembe ya kiti imelazwa kidogo kwa ajili ya mapaja yangu. Shingo sasa ni sentimita 11. Ukiitazama kwa mbali huoni chochote cha ajabu, na ndivyo alivyotaka.

Mabomba ni Columbus Spirit. Kwa wasiojua, Columbus ni kazi ya familia ya Colombo, Milano, tangu 1919. Jina hilo kwa Kiitaliano linafanana na njiwa, ndiyo maana stika yao ina njiwa. Bomba hili nje ni moja lakini ndani unene unabadilika: nusu milimita kwenye ncha, katikati milimita 0.38, halafu nusu tena. Toeni kadi ya benki mfukoni. Unene wake ni milimita 0.76. Ukuta wa bomba langu katikati ni nusu ya kadi hiyo.

Maswali yaje.

Sukuma_Pedeli #2

Nakaa siti ya mbele. Mkuu hiyo picha ya tatu, pale kichwani, ni nakshi au macho yangu?

FundiBuguruni #3

Hongera kaka. Mimi ni fundi baiskeli, nina miaka 19 kwenye kazi, nimeshika Phoenix, Avon, Swala za zamani na kila takataka inayoshuka bandarini. Swali langu moja. Hiyo 0.38 nikiigusa na welding ya umeme naitoboa kabla sijavaa miwani. Huyo mzee anaunganisha na nini?

KaboniTu #4

Sawa ni nzuri, ila ina uzito gani? Yangu ya kaboni kilo 7.1 na nimeinunua dukani saa moja bila kuvuliwa viatu na mzee wa watu.

MsukumaWaVerona #5

@FundiBuguruni swali lako ndilo hasa, subiri nilijibu vizuri. @KaboniTu kilo 8.4 pamoja na pedeli na vishikio vya chupa. Nitarudi kwako.

Fundi, hachomelei, analehemu. Chuma chenyewe hakiyeyuki, kinachoyeyuka ni kile cha katikati. Kwenye viungo kuna lagi, yaani vile vifuko vya chuma vinavyopokea ncha za mabomba (Phoenix yako nayo inavyo, vifupi na vinene). Kwanza anakata ncha ya bomba kwa umbo la mdomo wa samaki ili likumbatie bomba jirani bila mwanya. Anasafisha kwa msasa mpaka kunang'aa, anapaka dawa ya kulehemia, anaingiza, anapanga kwenye kitanda chake cha kupimia. Halafu anatoboa tundu dogo na kupigilia kimsumari, ili kiungo kisihame kikipata moto. Hiyo ni desturi ya Waitaliano wa zamani, nimeiona kwa macho yangu.

Kisha moto wa gesi. Kwa shaba anahitaji kama nyuzi 900 za joto, kwa fedha kama 650 hadi 700. Kwenye mabomba membamba anapenda fedha, kwa sababu moto mdogo haukichoshi chuma. Anaigusisha fito upande mmoja wa lagi na moto anauweka upande wa pili. Fedha inalifuata joto. Inanyonywa kwenye ule mwanya mwembamba kama chai inavyopanda kwenye andazi, unaiona inachungulia ukingo wa pili, mstari mwembamba unaozunguka wote. Mstari ukikatika mahali, mzee anatukana kwa lahaja ya kwao na kurudia.

@Sukuma_Pedeli macho yako mazima. Zile si nakshi za kubandikwa. Ni lagi yenyewe imepunguzwa kwa tupa mpaka ncha zake zimekuwa nyembamba kama ukucha. Alitumia karibu siku mbili kwa tupa peke yake. Nilimuuliza kama ni urembo tu, akasema ncha nene inaishia ghafla na bomba linapinda pale pale inapoishia. Ikipunguzwa polepole, nguvu nayo inapungua polepole. Urembo ni faida ya juu.

FundiBuguruni #6

Hapo kwenye andazi nimekuelewa moja kwa moja.

Yakhe_Ngambo #7

Hebu nami niingie. Mimi hizi nazijua kwa karata. Marehemu baba alifanya kazi melini, alikuja na moja Unguja, na kwenye kopo la krenki (kile kibomba cha chini ambamo ekseli ya krenki inapita), chini, palikuwa pametobolewa jani la pau. Sisi watoto tukiamini ni baiskeli ya wacheza wahedisitini. Kumbe ni Colnago. Yakhe, ile ni ree ya pau: mwaka 1970 Michele Dancelli alishinda mbio za Milano–San Remo akiwa juu ya baiskeli ya Ernesto Colnago, mwandishi wa habari Bruno Raschi akampa wazo la alama hiyo, ikabaki.

Na ukiona kopa, moyo, hiyo De Rosa. Ugo De Rosa wa Cusano Milanino, aliyemjengea bingwa wa Ubelgiji Eddy Merckx miaka ya 1970. Kafariki 2023, Mungu amrehemu. Shupaza na uru sijaona bado.

Mama_Gia #8

Yakhe umenichekesha, ila kuwa mwangalifu. Lagi na makopo yaliyotobolewa yaliuzwa pia na watengenezaji wa vipuri, mafundi wengi walinunua dukani na kutoboa wenyewe. Moyo peke yake si cheti cha kuzaliwa.

Mimi niko Bologna, kazi yangu ni uuguzi, baiskeli ni ugonjwa wangu mwenyewe. Nimeendesha Eroica, ile safari ya baiskeli za zamani, mara moja, pale Gaiole in Chianti, Toscana. Ilianza 1997, na sharti lake ni baiskeli ya mbio iliyotengenezwa kabla ya 1987: gia za kubadilisha kwenye bomba la chini, mikanda ya kufungia mguu kwenye pedeli, nyaya za breki zinazotoka juu ya usukani kama ndevu za kamba. Niliazima ya mume wa rafiki yangu. Barabara nyeupe za vumbi, vilima havina huruma, na njiani unapewa mkate na divai. Nilianguka mara moja tu, nikiwa nimesimama. Nilisahau kulegeza mkanda wa mguu kwenye taa za barabarani nikalala ubavu kama gunia mbele ya bibi mmoja aliyekuwa akimwagilia maua.

Nilichojifunza pale ni kuinama. Watu wazima wamepiga magoti kwenye maegesho wanatazama uvungu wa baiskeli za wenzao. Hakuna anayeanza na jina la juu.

KaboniTu #9

Bado sijajibiwa. Kilo 8.4, na mashindano yanaruhusu kushuka hadi kilo 6.8. Hata bingwa wa Tour de France, Indurain, aliiacha chuma, wote waliiacha. Kwa nini mtu alipe zaidi apate kidogo?

MsukumaWaVerona #10

Nakubali, na sitakudanganya. Mlimani utanipita. Na ule "ulaini wa chuma" wanaouimba, nadhani nusu yake ni tairi. Nimefunga Vittoria za milimita 28 na rimu za Ambrosio zenye spoki 32. Hata ungezifunga kwenye lango la chuma, lingekuwa laini kidogo.

Ila tazama hivi. Yako ikigonga ukingo wa barabara bomba likapasuka ndani, huoni kwa nje, unaipeleka kupigwa picha au unaitupa. Yangu bomba likibonyea mzee anapasha moto kiungo, anatoa bomba, anaweka jingine. Kule karakana kwake kuna fremu ya 1978 imening'inia inasubiri bomba jipya la juu, mwenyewe aligongana na mlango wa gari. Si kwamba kaboni ni mbaya. Ni kwamba hii inarekebishika na mtu mwenye moto na tupa, na huko kwetu watu wenye moto na tupa tunao.

Kingine: wakati Merckx anaweka rekodi ya saa moja (umbali unaoendeshwa ndani ya saa moja) kule Mexico City, Oktoba 1972, kilomita 49.431, alipanda chuma cha Colnago chenye kilo kama 5.75 baiskeli nzima. Haikuwa na gia wala breki, sawa, lakini chuma si lazima kiwe nondo.

KaboniTu #11

5.75?? Haya. Nakaa chini nasoma.

FundiBuguruni #12

Wakuu naomba nisiuvamie uzi wa mtu, ila Yakhe kaniwasha. Wiki tatu zilizopita nilinunua rundo la fremu za mitumba kwenye kontena, kama chuma chakavu tu. Moja ni nyepesi kuliko zote, imepakwa rangi nyeusi ya mlango, haina stika. Niliweka pembeni. Jana baada ya kusoma humu nimeigeuza. Haina pau, haina kopa. Chini ya kopo la krenki kuna namba 54 tu. Kwenye masikio ya gurudumu la nyuma, vile vipande vinavyoshika ekseli, nikakwangua rangi, pameandikwa CAMPAGNOLO.

Nimepata bahati au nimepata hasara?

Mama_Gia #13

Fundi usiikwangue zaidi! Weka tupa chini!

MsukumaWaVerona #14

Uvamie uzi bwana, huu ndio uzi wenyewe sasa.

Masikio ya Campagnolo peke yake hayasemi jina. Tullio Campagnolo wa Vicenza aliuzia karibu kila mjenzi wa maana, Italia na nje. Yanasema tu kwamba aliyeijenga hakubana matumizi. 54 huenda ni saizi. Sasa pima, kwa kalipa si kwa rula:

Upana kati ya masikio ya nyuma, kwa ndani. Upana wa kopo la krenki na kipenyo cha uzi wake (ile mifereji ya kukazia). Kipenyo cha nguzo ya kiti inayoingia bila kulazimishwa. Njia za nyaya za gia zinapita juu ya kopo au chini yake. Vitundu vya chupa viko vingapi. Masikio yana vitundu vidogo vya kufungia madigadi na keria, au hayana.

Halafu vua uma, ule unaoshika gurudumu la mbele. Ugeuze juu chini, chungulia ndani ya bomba lake la kuingia kichwani, upande wa chini. Kama ni Columbus utaona mistari iliyoinuka inazunguka kama njia ya mtutu wa bunduki. Kisha ingiza kidole kwenye kopo la krenki uguse midomo ya mabomba kwa ndani.

FundiBuguruni #15

Nimepima mchana, umeme ulikuwepo.

Nyuma milimita 126. Kopo upana 70, uzi 36. Nguzo: 27.2 inaingia kwa mkono na grisi, 27.4 inakataa. Nyaya zinapita chini ya kopo. Vitundu vya chupa seti moja, bomba la chini. Masikio hayana vitundu vya keria. Uma: mistari ipo kaka, mitano, nimeihesabu kwa tochi ya simu mpaka mke wangu akauliza natafuta nini mle. Ndani ya kopo kidole kinateleza, hakuna mistari. Na ile rangi nyeusi imebanduka yenyewe kwenye bomba la chini la nyuma, upande wa cheni: chini yake kuna kromu.

MsukumaWaVerona #16

Basi ngoja nikusomee.

Uzi wa 36 na upana wa 70 ni kipimo cha Kitaliano. Kiingereza kingekuwa 68 na uzi mwembamba kidogo. Nyuma 126 ni ya gia 6 au 7, kabla ya 8 kuja na 130. Nyaya chini ya kopo na chupa moja, ningesema mwanzoni mwa miaka ya 1980. Haina vitundu vya keria, kwa hiyo ilijengwa kwa mbio, haikutarajiwa kubeba kitu. Mistari kwenye uma ni Columbus. Kama ingekuwa SLX, aina nyingine ya bomba lao, ungeigusa mistari ya aina hiyo pia ndani ya mabomba pale kwenye kopo, haipo, na nguzo ni 27.2. Hiyo ni Columbus SL, ukuta 0.9 kwenye ncha na 0.6 katikati. Ingekuwa SP, ile nene zaidi ya watu wazito, nguzo ingekuwa 27.0.

Kromu upande wa cheni si mapambo. Cheni ikicheza inapiga bomba lile na kubandua rangi, kutu inaingia. Kromu haijali.

Yakhe_Ngambo #17

Sasa jina je? Kapimwa mpaka utumbo, hana jina?

Mama_Gia #18

Hapa ndipo ninapopenda. Yakhe, huenda hata stika ingekuwepo isingekuambia.

Italia ilikuwa na watu wanaitwa terzisti: mafundi waliojengea kampuni nyingine. Kampuni inapata oda kuliko mikono yake, au bingwa wake anataka fremu ya fundi anayemwamini, basi fremu inajengwa karakana fulani isiyo na kibao, inapelekwa uchi, inapakwa rangi na jina la mwingine. Dario Pegoretti alikulia kwenye kazi hiyo, kwa baba mkwe wake Luigi Milani, hapo hapo Verona. Miaka mingi alijenga fremu zilizoendeshwa na wakubwa wa miaka ya 1990 huku zikiwa na majina ya kampuni nyingine. Baadaye ndipo akaanza kuandika jina lake, akizipaka rangi kama michoro ya ukutani, hakuna mbili zinazofanana. Alifariki Agosti 2018, ana miaka 62. Leo watu wanatafuta Pegoretti kwa udi na uvumba, na wengine wanazo nyumbani zimeandikwa jina jingine.

Kabla yake Faliero Masi, Milano, karakana yake ilikuwa chini ya uwanja wa baiskeli wa Vigorelli. Ndani ya uwanja huo bingwa Fausto Coppi aliweka rekodi ya saa mwaka 1942, katikati ya vita. Waliomjua Masi walimwita fundi cherehani. Mabingwa wengi walikwenda kwake kupimwa, halafu baiskeli ikavaa sare ya timu.

MsukumaWaVerona #19

Mama Gia umesema nilichokuwa natafuta maneno ya kukisema. Mzee wangu naye, nilimuuliza miaka ya 1980 alijengea nani. Akatabasamu akaonyesha moto wake. Sikuongeza swali.

Sukuma_Pedeli #20

Tukiwa kwenye majina na vitu vya ndani ya mabomba: bingwa wa baiskeli Gino Bartali wakati wa vita alikuwa akificha hati za bandia ndani ya mabomba ya baiskeli yake, akijifanya yuko mazoezini kati ya Firenze na Assisi, kuwaokoa Wayahudi. Hakuzungumzia mambo hayo hadharani. Mwaka 2013 Yad Vashem, kituo cha Israeli cha kumbukumbu ya mauaji ya Wayahudi, wakamtambua, tayari amekufa tangu 2000. Fundi, chungulia vizuri usije ukawa na pasipoti ya mtu mle.

FundiBuguruni #21

Nimechungulia. Kuna kiota cha nyigu.

MsukumaWaVerona #22

Sasa mimi nina malalamiko, ya kujitakia. Kilomita 300 za kwanza, safi. Juzi nimeanza kusikia "kri, kri" kila mguu wa kulia ukishuka. Nimekaza kiti. Nimekaza shingo. Nimevua gurudumu nikapaka grisi. Bado. Mlima wa kwenda Bosco Chiesanuova wote nilikuwa naendesha kitanda cha nyumba ya wageni.

Vipuri ni Campagnolo Potenza ya gia 11, ya rangi ya fedha. Krenki nilifunga mwenyewe ili kuokoa pesa ya mzee. Mnaona tunakoelekea.

FundiBuguruni #23

Kikombe cha kulia, kile kinachoshika beringi ya krenki, kimelegea.

MsukumaWaVerona #24

Umejuaje bila kuona?

FundiBuguruni #25

Kwa sababu nimeshika hii yangu jana nikajiuliza. Umesema uzi wa Kitaliano. Nikajaribu vikombe, vyote viwili vinakazwa kulia. Nikasema hapa kuna kasoro. Kila fundi anajua pedeli ya kushoto inafunguliwa kinyume, na sababu ni kwamba kitu kilichomo ndani ya tundu kikisukumwa kwa kuzunguka, chenyewe kinajizungusha kurudi nyuma. Wanafunzi wangu nawaonyesha kwa kalamu: ishike kwenye ngumi iliyolegea, zungusha ncha yake duara, kalamu yenyewe inajizungusha upande wa pili. Kwenye krenki upande wa kulia, mzunguko huo unafungua uzi wa kawaida. Waingereza waliweka kikombe cha kulia uzi wa kinyume, kikajikaza chenyewe. Waitaliano wakaweka wa kawaida pande zote. Sasa kila kilomita unayokanyaga, unakifungua.

Toa, safisha uzi kwa petroli, paka gundi ya nati, ile ya bluu si nyekundu, kaza kwa nguvu yako yote, kisha ongeza kidogo.

KaboniTu #26

Kwa hiyo Waitaliano wametengeneza kitu kinachojifungua, na wamekishikilia mpaka leo? Kwa sababu gani ya msingi?

Mama_Gia #27

Ni cha kwetu. Hiyo ndiyo sababu.

FundiBuguruni #28

Kuna faida moja, nimeisoma kisha nikaielewa. Kopo la Kiingereza likiliwa uzi, unaweza kulichonga upya kwa uzi wa Kitaliano, kwa kuwa wa Kitaliano ni mpana zaidi. Linapata maisha ya pili. Ila la Kitaliano likiliwa, huna pa kupanda. Kwa hiyo Msukuma, usikiingize kikiwa kimepinda. Anza kwa mkono, bila spana, mizunguko minne. Kikikataa toa.

MsukumaWaVerona #29

Imekubali. Kimya kabisa. Kilikuwa kimetoka robo mzunguko. Nilimsimulia mzee, akauliza nani kakuambia gundi, nikasema fundi mmoja Buguruni, Dar es Salaam. Akaandika "Buguruni" kwenye daftari lake, sijui kwa nini. Aliandika vizuri kuliko mimi.

Yakhe_Ngambo #30

Fundi, na hiyo yako unaiuzaje? Nina mtu Maskati ana pesa, anakusanya za zamani.

Mama_Gia #31

Kabla hujauza, angalia kitu kimoja. Kama ilikuja na usukani wa Cinelli, shingo zao za zamani zilibana usukani wa 26.4, si 26.0. Tofauti ya milimita 0.4 tu, watu wanafunga wa 26.0 unateleza katikati ya shimo. Pima.

FundiBuguruni #32

Haikuja na usukani, Mama. Ilikuja na uma, masikio na nyigu.

Nimeamua hivi. Siipigi rangi mpya. Nimetoa ile nyeusi kwa dawa, taratibu, chini yake kuna rangi nyekundu inayoonyesha kromu ndani yake kama pipi. Sehemu imekwisha, sehemu ipo. Nyuma sikuipanua kwenda 130, nimepata gurudumu la gia 7 likakaa lenyewe. Lagi zake si za tupa ya siku mbili kama za mzee wako kaka, zimepigwa haraka, ila nimefuata mstari wa shaba kwa tochi kwenye kila kiungo, haukatiki popote. Aliyeijenga alikuwa na oda nyingi na mkono mzuri.

Nimeipanda jioni mpaka Tazara na kurudi. Ni 54, mimi ni mtu wa 54, sijui ilijuaje.

MsukumaWaVerona #33

Picha!

Yakhe_Ngambo #34

Mtu wa Maskati anauliza bei. Na kama haina jina mtie ree ya shupaza, hiyo bado haijachukuliwa.

FundiBuguruni #35

Picha hizo hapo. Mwambie wa Maskati nimesafiri.

Stika sijaweka. Nimeiegesha mbele ya kibanda tangu asubuhi, wamepita watu wengi, mmoja tu ndiye aliyesimama. Muuza mkaa. Akainyanyua kwa kidole kimoja, akaguna, akaniuliza kama inabeba magunia mawili. Nimemwonyesha masikio, hayana vitundu vya keria.